Parachuti la kuchezea: maswali ninayoulizwa kila likizo

Likizo ikifika, ua wetu hapa Wete, Pemba, hugeuka karakana. Ilianza na wanangu wawili na mfuko mmoja wa mkate. Siku hizi wanakuja watoto wa mtaa mzima, na wakirudi kwao na parachuti mkononi, wazazi wao nao huanza kuniuliza: wengine mlangoni, wengine sokoni nikiwa nachagua samaki, wengine kwa simu usiku. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi mara kwa mara, pamoja na ya watoto wenyewe, ambayo aghalabu ndiyo magumu.

Vinahitajika vitu gani?

Kitu chepesi na kipana kisichopitisha hewa, uzi, mkasi, selotepu na kizito kidogo cha kuning'iniza chini. Ukinunua dukani kingine zaidi ya uzi na selotepu, umeshapita kiasi.

Mimi ninachokipenda kuliko vyote ni mwavuli uliovunjika. Masika yakimalizika, nyumba nyingi huwa na mmoja uliopinduliwa na upepo, umeegeshwa nyuma ya mlango ukingoja kutupwa. Fumua nyuzi zinazokishika kitambaa kwenye vyuma, kitoe kizima. Hapo umeshapata umbo lililokatwa na fundi, kwa kawaida lenye pembe nane, na kila pembe inakuonyesha wapi pa kufunga uzi. Kitambaa chake kimetengenezwa kisipitishe maji, na hewa nayo haipiti kirahisi. Shida yake ni ukubwa. Parachuti la mwavuli mzima linataka kurushwa kutoka juu kidogo ndipo lipate nafasi ya kufunguka, kwa hiyo hilo ni la wakubwa.

Kwa wadogo, kata kipande cha nailoni chenye upana wa sentimita 40. Nailoni iliyofunika godoro jipya ni nzuri mno, na godoro moja linatosha darasa zima.

Lakini mifuko ya plastiki si imepigwa marufuku?

Ndiyo. Zanzibar ilitangulia mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Kwa hiyo usimtume mtoto akatafute mifuko ya kubebea. Mimi nasema juu ya nailoni ambayo imeshaingia nyumbani na bidhaa: ya mkate, ya godoro, ya shuka jipya.

Nyumba ikiwa karibu na pwani, acha nailoni kabisa, tumia kitambaa. Parachuti la nailoni likipeperukia majini halina tofauti na yavuyavu: limevimba juu, nyuzi zinaning'inia chini. Kasa hula yavuyavu, na hawezi kujua kwamba hili lilitoka kwenye godoro la mtu.

Kanga kuukuu haifai?

Inafaa kwa shida. Pamba ni nzito, na mfumo wake hupitisha hewa. Fanya jaribio hili kabla hujakata kitu: weka kitambaa mdomoni, kiganja chako nyuma yake, kisha puliza. Pumzi ikifika kiganjani, hewa itapita vivyo hivyo parachuti likiwa angani. Kanga iliyofuliwa miaka kumi hupitisha. Mtandio wa shifoni hupitisha zaidi. Hilo la shifoni nililijua baada ya kuukata mtandio niliodhani hauna mwenyewe, kumbe mwenyewe alikuwa mama mkwe. Lilianguka kama jiwe, na mimi sikuwa na la kusema.

Gazeti je? Lile kavu na gumu halitaki kuvimba. Lifikiche kwanza mpaka lilegee, hapo litakwenda. Karatasi nyembamba ya kutengenezea tiara ni bora kuliko gazeti, ila huchanika upesi.

Nakataje duara bila ya bikari?

Anza na mraba. Ukunje katikati, ukunje tena upate mraba mdogo. Sasa tafuta ile kona ambayo ndiyo katikati ya nailoni nzima, yaani kona isiyofunguka. Ishike hiyo, ukunje kipembe mpaka upate pembetatu yenye ncha kwenye kona hiyohiyo. Kutoka kwenye ncha pima sentimita 20 upande huu na 20 upande ule, kisha kata kwa kuzungusha kidogo. Ukifunua utakuta duara lenye mikunjo minane. Mikunjo hiyo usiifute. Kila mmoja ukingoni ni mahali pa uzi.

Kosa la kila mwaka ni kushika kona ya kinyume. Ukifunua unapata vipande vinne badala ya duara moja, na watoto wanacheka mpaka wanakaa chini. Mwache mtoto akosee mara moja, mradi nailoni ipo. Hatalisahau tena.

Nyuzi ngapi, na urefu gani?

Nane kwa duara la sentimita 40. Nne zinatosha kama umekata mraba. Urefu wa kila uzi uwe sawa na upana wa parachuti au uzidi kidogo. Zikiwa fupi mno, ukingo huvutwa ndani na parachuti halitanuki. Zikiwa ndefu mno, husukana zenyewe kwa zenyewe.

Kilicho muhimu kupita yote ni zilingane. Watoto wengi huniletea parachuti linalolalia upande na kuniambia nailoni ni mbovu. Nailoni ni nzima, uzi mmoja tu umepungua kwa upana wa vidole viwili. Njia yangu ni hii. Usikate nyuzi nane, kata nne zenye urefu wa sentimita 90. Funga ncha mbili za uzi mmoja kwenye mikunjo miwili iliyo jirani, halafu fanya hivyo kwa zilizobaki. Utapata vitanzi vinne. Vishike vyote katikati, vinyooshe pamoja, na hapo ndipo pa kufunga kizito. Bila hesabu, nyuzi zimelingana.

Kabla ya kutoboa nailoni, bandika selotepu ukingoni pande zote mbili, utoboe juu ya selotepu. Bila hivyo tundu litachanika kwa mrusho wa tatu.

Uzi wa kushonea nguo unatosha. Mshipi wa kuvulia ni imara, lakini fundo lake huteleza likafunguka, nao hukata vidole vya mtoto. Uache ngamani.

Chini nitundike nini?

Gololi nne ndani ya kipande cha kitambaa, zote pamoja kama gramu 20. Au kokoto, au kizibo cha soda kilichojazwa udongo mbichi kikakaushwa, au mtu aliyetengenezwa kwa kibanio cha nguo. Mwaka jana mtoto mmoja alisuka pakacha dogo la makuti, la kiasi cha yai, akalijaza karafuu mbichi. Babu yake alipoona karafuu zinarushwa hewani, mchezo ulisimama kwa muda.

Nakataza kitu kimoja: chubwi, kile kizito cha mshipi wa kuvulia. Watoto wa wavuvi huleta chubwi kwa sababu ni dogo na zito. Chubwi la kawaida ni la madini ya risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa mtoto mdogo anayetia vidole mdomoni. Lirudishe kwenye mshipi, na mtoto anawe mikono.

Parachuti letu halifunguki, linashuka kama kamba. Kwa nini?

Mara nyingi mrushaji amelifinyanga likawa donge. Hewa haina pa kuingilia. Mwambie mtoto alishike katikati juu, nyuzi zining'inie zimenyooka na kizito kikiwa chini, kisha aliachie. Asilitupe. Kama anataka kulirusha kutoka chini kwenda juu, alikunje kwa urefu kama mwavuli uliofungwa, alizungushie nyuzi mara moja au mbili kwa ulegevu, ndipo arushe.

Sababu nyingine ni kizito kuwa chepesi mno. Kizito ndicho kinachonyoosha nyuzi na kuivuta nailoni ipokee hewa. Parachuti lenye karatasi moja chini yake hupepea tu kama jani.

Linayumba huku na huku kama bembea. Tufanye nini?

Toboa tundu juu, katikati kabisa. Watu wazima hawanikubalii mpaka waone. "Hewa si itavuja?" Ndiyo, na ndivyo tunavyotaka. Hewa iliyonaswa chini ya parachuti inatafuta njia. Usipoipa njia, hutoka kwa kuinua ukingo upande mmoja, na parachuti linaegemea. Likishaegemea, inatoka upande wa pili. Hapo ndipo bembea inapoanza. Tundu la katikati linaitoa kidogo kidogo kwa juu, na parachuti linatulia.

Hata wakubwa walijifunza kwa tabu. Tarehe 22 Oktoba 1797, Mfaransa André-Jacques Garnerin aliruka kutoka kwenye puto juu ya Paris kwa parachuti la kitambaa lisilo na tundu. Kikapu alichopanda kiliyumba vibaya njia nzima mpaka kikagonga chini. Alitoka mzima. Baadaye tundu la juu likawa jambo la kawaida.

Kwa parachuti letu la sentimita 40, tundu liwe na upana wa kifuniko cha chupa ya maji, sentimita 3 hivi. Unapokunja nailoni kwa ajili ya kukata duara, punguza ncha kidogo tu na tundu litajitokeza. Kidogo, nasema! Kuna mtoto alipunguza kwa furaha akapata shada la kuvaa kichwani.

Mtoto ameniuliza kwa nini linashuka polepole, na mimi sikujua la kumjibu.

Mchukue pwani akatazame tanga la ngarawa. Upepo ukiingia, tanga linavimba na chombo kinasukumwa. Parachuti ni jambo lilelile lililogeuzwa: hewa imesimama, kitambaa ndicho kinachoiendea. Kila linaposhuka, linalazimika kuisukuma hewa iliyo chini yake, na hewa nayo inasukuma kwenda juu. Kadiri linavyoongeza mwendo, ndivyo hewa inavyolizuia zaidi, mpaka kani ya hewa inakuwa sawa na uzito. Kutoka hapo haliongezi mwendo tena. Linashuka kwa mwendo mmoja mpaka chini.

Kwa hesabu: ukiachia gololi kutoka mita 6, ambayo ni kama dirisha la ghorofa ya pili, inafika chini kwa sekunde 1 na kidogo, nayo inagonga kwa mwendo wa karibu mita 11 kwa sekunde. Parachuti letu la sentimita 40 na gramu 20 hushuka kwa karibu mita 2 kwa sekunde. Watoto wanaweza kuhesabu "moja, mbili, tatu" kwa sauti kabla halijagusa ardhi, na simu yenye saa ya kupimia itawathibitishia.

Kama una msufi karibu, umeshapata mwalimu wa pili. Usufi uliojaza mito ya bibi zetu mti haukuutengeneza kwa ajili ya vichwa vyetu. Nyuzi zile nyepesi hushika hewa ili upepo upeleke mbegu mbali na mama yake.

Likiwa kubwa zaidi ndiyo bora?

Hushuka polepole zaidi, lakini si kwa namna watoto wanavyokisia. Ukiongeza upana mara mbili, kutoka sentimita 40 hadi 80, kitambaa kinakuwa mara nne, na mwendo wa kushuka unapungua kwa nusu. Vivyo hivyo kwa uzito: ili mwendo uongezeke mara mbili, inabidi kizito kiwe mara nne. Waache watoto wakisie kwanza, waandike ukutani kwa chaki, kisha wajaribu. Wengi hukisia kwamba gololi nane zitashuka mara mbili ya nne. Hazishuki hivyo.

Na mwezini je?

Swali hili liliulizwa na binti wa miaka minane. Mwezini hakuna hewa, kwa hiyo parachuti halina la kusukuma. Linaanguka pamoja na kokoto, sawasawa. Mwaka 1971 David Scott, mwanaanga wa Apollo 15, alisimama mwezini akaachia nyundo na unyoya wa kozi kwa wakati mmoja, na vyote viwili viligusa ardhi pamoja.

Akaniuliza tena: na sayari ya Mirihi? Huko hewa ipo, lakini ni nyepesi mno, kama sehemu moja tu kwa mia ya hii yetu. Chombo cha Perseverance kilipotua tarehe 18 Februari 2021 kilitumia parachuti lenye upana wa mita 21.5, na hata hivyo halikutosha. Sehemu ya mwisho ilibidi roketi zipunguze mwendo. Akafikiri, akasema, "Basi huko nitahitaji magodoro mengi."

Nani alilibuni?

Leonardo da Vinci alichora moja lenye umbo la piramidi karibu mwaka 1485. Aliyeruka hadharani na kulipa jina ni Mfaransa Louis-Sébastien Lenormand, mwaka 1783, kutoka kwenye mnara wa Montpellier. Jina lenyewe kwa Kifaransa lina maana ya kinga ya kuanguka.

Turushie wapi, na saa ngapi?

Asubuhi mapema, upepo haujaamka. Ukingoja mchana, hasa kusi likiwa limeshika, hutacheza parachuti, utacheza kulifukuza. Hesabu iko wazi: kutoka mita 6 linakaa hewani sekunde 3 na zaidi. Upepo wa mita 5 kwa sekunde, ambao kwetu watu wanauita kaupepo, utalipeleka zaidi ya mita 15 kando. Huko kuna paa la jirani.

Siku za masomo watoto wangu wako skuli asubuhi na chuoni (madrasa) jioni, kwa hiyo siku yetu ni ya mapumziko, mara baada ya chai. Kiwanja kisiwe na waya za umeme, wala kisiwe kando ya barabara, kwa sababu mtoto anayetazama juu haoni gari. Unguja mjini wengine wanarushia kwenye ngazi za majumba ya Michenzani. Kama ni ghorofani, mtu mzima asimame juu na awe ndiye mrushaji. Watoto wakae chini wakipokea na kuhesabu.

Anafaa mtoto wa umri gani?

Wa miaka mitano hufunga fundo akisaidiwa, wa minane hufanya yote peke yake. Wa chini ya miaka mitatu apewe la kitambaa, na nyuzi zake zisimfikie shingoni. Nailoni asiachiwe kabisa, maana ikimfunika uso hawezi kujitoa.

Ni mchezo wa wavulana?

Hapana. Mwaka jana lililokaa hewani kuliko yote lilikuwa la msichana, na aliyeshindwa bado ananuna.

Mwanangu sasa anataka kuruka ukutani na mwavuli.

Mzuie leo hii, usisubiri kesho. Usimwambie "utaanguka" tu, maana ameshaona kizito hakiangukii vibaya, naye anajiona ni kizito. Mpe hesabu. Mtoto wa kilo 30 chini ya mwavuli wa upana wa mita moja hapunguziwi kitu anachoweza kukihisi, na mwavuli wenyewe utapinduka kabla hajafika chini. Parachuti la askari lina upana wa mita 10 hivi, naye huruka kutoka mbali sana juu ili lipate kufunguka. Kisha mtafutie kidoli, kiruke badala yake. Vidoli vyetu vimeshavunjika miguu yote.

Tunaweza kurusha yai?

Watoto wanapenda kupita kiasi. Yai lina kama gramu 60, kwa hiyo parachuti la sentimita 40 halitoshi, tengeneza la 80. Weka yai katika pakacha lililojazwa usufi au nyuzi za kumbi. Kwetu tunatumia yai la kuchemsha. Likipasuka linaonekana limepasuka, hakuna uchafu, na mshindi na mshindwa wote wanakula kwa chumvi.

Mimi ni mwalimu, nina watoto zaidi ya hamsini. Nitaweza?

Wagawe makundi ya watano, na kila kundi libadilishe kitu kimoja tu: hili upana, lile uzito, lile tundu, lile urefu wa nyuzi. Vingine vyote vifanane. Wakibadilisha viwili kwa pamoja hawatajua ni kipi kilicholeta tofauti, na utatumia kipindi kizima kuamua ugomvi. Kila parachuti lirushwe mara tatu, wachukue wastani, kwa sababu mrusho mmoja unaweza kudanganya. Mikasi mitano inatosha. Kazi ya kukata ifanyike siku moja kabla.

Limenasa mwembeni.

Hakuna anayepanda. Msimu wa karafuu tunaona vya kutosha watu wanaoanguka mitini, na parachuti halina bei ya mfupa wa mtu. Chukua upembo mrefu, uvute uzi wala usivute kitambaa, na kizito kitalishusha lenyewe. Likigoma, ngoja upepo wa usiku, asubuhi mara nyingi utalikuta uani. Letu moja la kitambaa chekundu cha mwavuli lilinasa juu kabisa mwaka juzi na mpaka leo lipo. Kunguru ameshalifumua nyuzi tano, anajengea kiota chake kwenye mnazi wa pili.